Mtupo wa Toleo la Arobaini

Hodi ya kwanza Wino aliisikia, akajifanya hakuisikia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mdogo wake, jarida la mwezi huo limefunguka mapajani, anamsomea. Hodi ya pili ilipokuja, sauti ilimkauka katikati ya sentensi. Wako watu wanaobisha hodi kama askari, wako wanaobisha kama wadeni wao wamo ndani, na alikuwapo mmoja tu ambaye Wino alimjua, aliyebisha kana kwamba anauomba mlango radhi.

"Mbona umenyamaza?" mdogo wake aliuliza. "Jabali amemfanya nini Mshale?"

"Amemgeuka," alijibu Wino, akalifunga jarida.

Kwenye korido, baba yao aliacha kupiga randa. Mama akatoka jikoni na kitambaa begani, akaenda kufungua.

"Shikamoo, Mama."

Salamu ile ilibaki pale mlangoni, haina wa kuipokea. Mama huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka ishirini na sita. Ameitikia shikamoo za walevi, za wendawazimu, za wanaume waliomtukana usiku kucha wake zao wakijifungua. Ya kijana huyu hakuiitikia. Alimpandisha na kumshusha kwa macho, kisha akamwambia kwamba nyumba ile ina mgonjwa na haipokei wageni.

Mpole, yule kijana, akasema analijua hilo. Hakuja kukaa. Kampuni yake imemhamishia mji wa mbali, kwenye jengo jipya la ghorofa kumi na nane, akatunze lifti zake. Basi linaondoka saa kumi na moja jioni hiyo, na hana mpango wa kurudi. Anaomba dakika kumi tu amuage mgonjwa.

Mama alishaanza kuurudisha mlango. Baba ndiye aliyeuzuia kwa kiganja chake chenye vumbi la mbao.

"Mwache aingie, mke wangu," alisema. "Anayekuja kuaga hafukuzwi. Aage, aende zake, na sisi tupumzike."

Wino aliyasikia yote akiwa chumbani, na neno lile "tupumzike" likamchoma kuliko tusi. Mwaka mmoja tu nyuma, baba yuyu huyu alikuwa akimwita Mpole "mwanangu" na kumshikisha msumeno. Mwaka mmoja tu nyuma, mjomba wa Mpole alikaa kwenye kochi lile pale sebuleni, akaposa, akakubaliwa, na Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa khanga. Harusi ilipangwa iwe mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka ulikuja ukapita, na hakuna aliyeutaja.

*

Walikutana kwa sababu ya kalamu. Wino alikuwa mchoraji wa hadithi ya picha iliyotoka kila mwezi, *Wana wa Mkeka*, kisa cha vijana wa klabu moja ndogo ya judo. Wapiganaji wa ridhaa wasiolipwa hata nauli, wanaofua wenyewe nguo zao za mazoezi na kupigania medali za bati. Vidole vyake havikuwahi kutakata, ndiyo maana nyumbani wakamwita Wino. Alipoanza kazi ile hakuwa amewahi kuona mtu akirushwa. Akaenda kwenye klabu ya mtaani kwao na daftari lake, akakaa pembeni ya mkeka, akachora. Michoro ikatoka mibaya. Watu wake walikuwa wanaanguka kama magunia.

Kijana mmoja mrefu alikuja akachungulia daftari. Hakucheka. Akamwita mwenzake amtupe chini. Alipoanguka alibaki amelala, akamtazama Wino kutoka pale chini na kumwuliza, "Umeiona miguu inavyokwenda? Au nianguke tena?"

Alianguka mara kumi na moja siku ile. Ya kumi na moja Wino hakuchora chochote. Alikuwa anamtazama tu, na mwenyewe akajua kwamba anatazamwa, na alichelewa kuinuka.

Walimwita Mpole kwa sababu kila alipomtupa mtu alimpa mkono na kumwuliza kama ameumia. Mchana alikuwa fundi wa lifti, jioni mpiganaji. Katika hadithi Wino alimchora kwa jina la Jabali, rafiki wa shujaa. Shujaa mwenyewe, Mshale, alikuwa na masikio makubwa ya mdogo wake Wino, kitinda mimba wa nyumba ile, ambaye kwa kujiona jaridani alijiunga na klabu akiwa na miaka kumi na saba na hakutoka tena. Akawa anamfuata Mpole kama kivuli. "Shemeji" lilikuwa neno lake la kila dakika. Shemeji nifundishe hiki, shemeji nishike pale.

Katika toleo la arobaini Wino alimpa Mshale mtupo mpya, aliouvumbua mwenyewe mezani: unampandisha mtu begani, unageuka ukiwa hewani, unashuka naye. Wasomaji wakaandika kwa mhariri kwamba mtupo ule hauwezekani kwa mtu mwenye mifupa. Barua zile zilimkera. Jumamosi moja, kocha akiwa kwenye mkutano wa waamuzi, aliwataka Mpole na mdogo wake waufanye, yeye apige picha, awaumbue wasomaji wake.

Mpole alikataa. Alikataa mara tatu. Wino alimwambia iwe mara moja tu, haizidi. Kisha akamwambia, huku anacheka, "Kumbe hunipendi." Na mdogo wake naye akachekea palepale mkekani, akamwuliza shemeji yake kama anaogopa karatasi.

Mguu wa Mpole uliteleza. Kilichosikika hakikuwa kikubwa. Wino alikuwa ameshika simu mbele ya uso, na kwa nukta chache aliendelea kupiga picha.

Kocha alipofika mbio, na baadaye Baba, na baadaye Mama akiwa bado na sare ya kazini, ni Mpole aliyesema. Alisema alikuwa anajionyesha. Alisema kijana hakutaka, yeye akamlazimisha. Wino alifungua mdomo na sauti haikuja. Saa ya kwanza kwa mshtuko, siku ya kwanza kwa sababu Mpole alimwomba asiseme, na baada ya hapo kwa sababu kila siku iliyopita iliufanya ukweli uwe mzito zaidi kuubeba. Klabu ilimfukuza Mpole maisha. Mdogo wake alizinduka baada ya siku nne, hawezi kusogeza kitu chochote chini ya shingo, na hakumbuki chochote tangu Alhamisi ya wiki ile.

Tangu hapo Wino na Mpole walizungumza kwa simu tu, maneno mawili matatu, Wino akiwa amejifungia bafuni na bomba la maji amelifungulia.

*

Sasa Mpole alikuwa amesimama mlangoni pa chumba. Alikuwa amekonda. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri, lakini shingo ilikuwa inaogelea ndani ya kola. Alimtazama Wino mara moja, kwa haraka, kama mtu anayegusa chuma kuona kama bado kina moto, kisha macho akayapeleka kitandani.

"Sogea nikuone," mdogo wake alisema. "Siwezi kugeuza shingo."

Mpole alisogea akachuchumaa, mpaka uso wake ukafika mbele ya uso wa kijana. Akamwambia kuhusu uhamisho na saa ya basi. Akamwuliza kama usingizi unapatikana, naye akajibiwa kwamba unapatikana. Baba alikuwa amesimama nyuma yao na randa mkononi, amesahau kuiweka chini.

"Nina swali moja," mdogo wake alisema. "Siku ile siikumbuki. Nimejaribu, wallahi, nimejaribu mpaka kichwa kinauma. Watu wananisimulia, lakini nataka nisikie kwako. Nilikwambia usifanye?"

Wino alisimama. Mpole hakugeuka kumtazama, lakini mkono wake mmoja, uliokuwa umeegemea kitanda, uliinuka kidogo kumzuia, kiganja chini, kama anavyomtuliza mtu asiingie kwenye lifti ambayo haijafika.

"Ulinikataza," alisema Mpole. "Nikakulazimisha."

"Kwa sababu mimi naota tunacheka. Kila nikiota siku ile, tunacheka wote watatu."

"Hukucheka."

Mdogo wake alifumba macho.

"Haya," alisema. "Nilitaka kujua tu. Nenda, kaka. Safari njema. Usirudi."

Kaka. Hakumwita shemeji. Mpole aliinama kidogo kama walivyozoea kuinamiana mkekani kabla ya pambano, ingawa kijana alikuwa amefumba macho na hakuona, kisha akampita Baba kwenye korido na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Wino alihesabu mpaka tano, akamfuata.

*

Uani, nyuma ya rundo la mbao za Baba, ndipo walipokuwa wakijificha zamani wakati wa uchumba, si kwa sababu walikatazwa bali kwa sababu kujificha kulikuwa kutamu. Mpole alikuwa amesimama hapohapo, mgongo ukutani.

"Nakwenda kuwaambia," alisema Wino. "Leo hii. Sasa hivi, kabla hujaondoka."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba ulikataa mara tatu. Kwamba mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Kwamba alikuwa anacheka. Umemnyang'anya hata kicheko chake, Mpole. Kimebaki kwenye ndoto tu, nacho umekizima."

"Nimekizima," alikubali. "Ungetaka nimwambie alicheka, halafu aanze kujiuliza alikuwa anamchekea nani?"

Mpole akauliza, kwa sauti ile ya chini ambayo miaka miwili ilikuwa inamlaza Wino usingizi kwenye simu, ni nani anayemgeuza mdogo wake kila baada ya saa mbili. Wino akajibu, yeye na Mama. Mpole akauliza anakula kwa mkono wa nani. Walijua wote wawili. Mama akimpelekea kijiko, kijana hufunga mdomo kwa kumwonea huruma. Baba mikono humtetemeka. Kijana alikula kwa mkono wa dada yake tu.

"Basi mwambie," alisema Mpole. "Kesho asubuhi uende na bakuli la uji uone kama atafungua mdomo. Mimi akinichukia hapungukiwi kitu. Mimi ni mtu wa nje. Wewe akikuchukia atakufa, Wino, na si maneno ya hadithi hayo."

"Na mimi je? Nani aliyekutuma unibebee?"

"Ningebeba nini kingine? Mguu ulioteleza ni wangu."

Wino alianza kulia bila sauti, kama alivyojifunza kulia katika nyumba ile yenye kuta nyembamba. Alimwambia atakwenda naye. Ana begi, ana kalamu, kazi yake inaweza kufanyika popote penye meza. Mpole alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, na alipomaliza alitabasamu kidogo, tabasamu ambalo halikufika machoni.

"Ukija nami tutakuwa watatu chumbani kila siku," alisema. "Mimi, wewe, na yeye kitandani kwake anakuita. Tutapendana mwezi mmoja. Wa pili utaanza kunitazama mikono."

Wino alitaka kubisha. Alijua pia kwamba ni kweli. Alikuwa ameshaanza, pale chumbani, dakika tano zilizopita, kuitazama mikono ile.

"Nimelisoma toleo jipya," Mpole alisema. "Nililinunua stendi nilipokwenda kukata tiketi. Umemfanya Jabali msaliti."

"Ni mdogo wangu aliyeniomba. Alisema anataka Jabali amgeuke Mshale, amchome kisu cha mgongo mbele ya watu. Ningemwambia hapana kwa sababu gani?"

"Sikulaumu. Wasomaji watamchukia vizuri. Ila macho umeyakosea. Umeyachora ya mtu anayeona huruma."

"Nilijaribu mengine," alisema Wino. "Usiku nne nilijaribu. Mkono umekataa."

Hapo ndipo Mpole aliposhindwa. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akaegemeza paji la uso lake kwenye paji la uso wa Wino, na kwa muda walisimama hivyo wakipumua pumzi moja, hawabusiani, maana walijua busu moja tu lingemkosesha Mpole basi. Ndani ya nyumba randa ilianza tena kulia. Baba alikuwa anapanua mlango wa bafuni ili kiti cha magurudumu kipite.

Mpole alimwachia kidole kimoja kimoja. Alikwenda kwa njia ya pembeni ya nyumba. Wino alisubiri ageuke hata mara moja, na hakugeuka.

*

Mama alikuwa jikoni, mikono ndani ya karai la vyombo. Wino alisimama nyuma yake. Alikuwa amepiga moyo konde. Potelea mbali, atasema, uji na amlishe atakayeweza.

"Mama, nina jambo nataka kukwambia."

"Usiniambie."

"Hujui ni nini."

Mama aliosha sahani moja, akaisuuza, akaiegemeza ukutani. Ndipo akageuka. Alikausha mikono kidole baada ya kidole, kama walivyofundishwa wauguzi, akasema kwamba wiki ile ya kwanza alilifungua begi la mazoezi la mwanawe ili afue nguo. Ndani alikuta karatasi. Karatasi ilikuwa na mchoro wa watu wawili, mishale ikionyesha mguu uende wapi na bega liende wapi, na chini yake mwandiko anaoujua tangu mwenye mwandiko yuko darasa la kwanza: Jumamosi, saa tatu, kocha hatakuwapo, Mpole nitamlainisha mimi.

"Niliichoma kwenye jiko hili hapa," alisema Mama.

Wino alishika ukingo wa meza. Miezi mitano. Miezi mitano Mama alikuwa anajua, na bado alimfungia kijana wa watu mlango, na leo hii amemnyima marahaba.

"Mama, yeye hana kosa. Unajua hana kosa."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu nina watoto wawili," Mama alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikapasuka. "Nimetafuta mtu wa kumchukia, mwanangu, nikakuta kuna wewe na kuna yeye. Wewe nilikubeba tumboni. Yeye ana mama yake huko aliko, wa kumpenda. Nimemdhulumu, Mungu ananiona, na nitakwenda kujibu. Lakini ukiufungua mdomo wako katika nyumba hii, utamwua baba yako kwanza na ndugu yako wa pili. Mwache aende nalo. Amelichukua mwenyewe."

Mama na mwana walitazamana. Wino aliutafuta katika uso ule msamaha, hata kidogo, hakuuona. Aliona mapenzi, tena makubwa ya kutisha, lakini msamaha haukuwamo, na akaelewa kwamba hautakuwamo kamwe, na kwamba wataishi hivyo, wanapishana kwenye korido na mabeseni mikononi, mpaka mmoja wao afe.

"Muda wa kumgeuza umefika," Mama alisema, akarudia vyombo vyake.

*

Chumbani, mdogo wake alikuwa macho. Wino alipitisha mkono mmoja chini ya bega lake, mwingine chini ya nyonga, akamvuta kuelekea upande wake na kumlaza ubavu, akaweka mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Alikagua kisigino kama kuna wekundu. Aliinyoosha shuka isiwe na kunyanzi.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Umelia." Halikuwa swali. Sasa walikuwa wanatazamana uso kwa uso, Wino amepiga magoti kando ya kitanda. "Bado unampenda?"

Wino aliitikia kwa kichwa. Hilo angalau hakuweza kulidanganya.

Machozi yakaanza kumtoka mdogo wake, ya jicho la juu yakavuka pua na kuangukia jicho la chini, naye hana mkono wa kuyafuta.

"Nisamehe, dada," alisema. "Ningekaa zangu nyumbani, nisijiunge na ile klabu, saa hizi ungekuwa kwako, umeolewa. Nimekuharibia maisha yako. Na wewe ndiye unayenilisha, ndiye unayeniogesha, hata siku moja hujanilaumu. Usiku huwa nalifikiria hilo, nasikia aibu."

Wino alimfuta machozi kwa vidole vyake vyenye madoa meusi. Nyuma yake alisikia hatua za Mama zikija na kusimama mlangoni. Hakuhitaji kugeuka kujua anatazamwaje.

"Usiseme hivyo," alimwambia mdogo wake. "Si kosa lako. Si kosa lako hata chembe."

"Najua. Ni la yule."

Aliyasema akimkazia macho, akingoja. Miezi mitano Wino alikuwa amenyamaza tu. Wengine walisema, yeye akainamisha kichwa, na katika kunyamaza kule alikuwa amejihifadhia kasehemu kadogo ka nafsi yake ambako Mpole bado hakuwa na hatia. Aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja na dakika nne. Basi lilikuwa limeshatoka.

"Ndiyo," alisema Wino. "Ni la yule."

Mdogo wake alishusha pumzi ndefu, uso ukamlegea, na baada ya muda akamwuliza chakula cha jioni kitakuwa nini.